Klia ikiisha, hairudi

Mtu akiniuliza polishi gani nzuri, na mimi humuuliza: gari lako anaosha nani? Maana mikwaruzo mingi ninayoiona haikuletwa na barabara, imeletwa na kitambaa. Dogo anasugua rimu, kitambaa kinadondoka chini, anakiokota, anakikamua, anahamia kwenye boneti. Sabuni yenyewe ya unga, ya kufulia. Usiku washa tochi ya simu uisogeze karibu na mlango, utaona mistari myembamba imejipanga duara kuzunguka mwanga.

Langu ni Toyota IST ya 2004, buluu iliyokoza, rangi isiyofichia mtu siri. Nakaa Kigamboni, Dar es Salaam, kwa hiyo ni pantoni na upepo wa chumvi kila siku ya kazi, halafu mchana gari linashinda mjini chini ya mti wa kunguru. Kinyesi chao kina asidi, na bati likishapata moto juani, kinaweza kula klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi, siku hiyohiyo. Kwenye buti sikosi chupa ya maji na taulo laini: nalowesha, nasubiri kilainike, nakiinua. Kukisugua kikavu ni heri ukiache.

Klia ndiyo yote. Kwenye gari lenye rangi ya kiwandani, tabaka hilo la juu huwa na maikroni 40 hadi 50 hivi, jembamba kuliko unywele wako. Na polishi ya kukata haiongezi kitu, inapunguza. Inaisaga klia mpaka kingo za mkwaruzo zisawazike. Fundi anayekushauri upige mashine ya polishi kila baada ya miezi miwili anakuuzia klia yako mwenyewe. Wengine wanapaka polishi yenye mafuta mengi inayoficha mikwaruzo tu, gari linatoka getini linameremeta, ukiliosha mara mbili mistari yote imerudi.

Kabla ya mashine kuna udongo maalumu wa kunasa uchafu ulioganda kwenye klia. Gari likishaoshwa, vaa mfuko laini wa nailoni mkononi upitishe vidole juu ya boneti. Langu lilikuwa na chengachenga tupu: vumbi la chuma la breki, lami, utomvu. Udongo unaburutwa polepole juu ya maji ya sabuni mpaka mkono uteleze. Ukidondoka chini, tupa.

Kisha najaribu kipande kidogo cha buti nilichokizungushia tepu ya karatasi, kwa pedi laini na polishi nyepesi. Ikitosha hiyo, kali siigusi. Mkwaruzo unaokwaza ukucha nauacha ulivyo, kuufuata ni kutoboa klia.

Juu napaka silanti, kinga ya kutengenezwa kiwandani inayofunika klia. Nta ya carnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende huko Brazil, inapendeza kweli, ila kwa jua la Dar haikai.

Nikiosha natumia ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia glavu. Dogo wa jirani alinicheka: "Kaka, ndoo mbili za nini na maji yenyewe ya kununua?" Nikamwonyesha mchanga uliotuama chini ya ile ya kusuuzia. Sasa naye anazo mbili, na bei amepandisha.

Paa sijaligusa. Klia imeshabanduka, hapo hakuna polishi, ni msasa na rangi upya. Fundi ninayemwamini hapigi rangi kwenye unyevu, kwa hiyo nasubiri masika iishe.