Kipato cha Kaya ya Mkulima Huamuliwa Lini?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kaya ya mkulima hubaki maskini kwa sababu inavuna kidogo. Leo naona kuwa mavuno ni sehemu tu ya habari, na kwamba swali zito zaidi ni hili: je, kaya ina fedha mkononi katika miezi ile ambayo shamba linadai kila kitu na halitoi chochote?

Kaya isiyo na akiba hulazimika kwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya wengine wakati wa palizi ili ipate chakula, huku shamba lake likimezwa na magugu. Mavuno yanapofika, deni la pembejeo nalo limeiva. Nafaka huuzwa wiki ileile ambayo kila jirani anauza, kwa bei ya chini kuliko wakati wowote wa mwaka, na miezi michache baadaye kaya hiyohiyo hurudi sokoni kununua nafaka kwa bei iliyokwisha kupanda. Mnunuzi huzamisha mkono ndani ya gunia, hutoa punje moja, huitafuna, kisha husema bado ni mbichi na kushusha bei. Muuzaji anajua kwamba angezianika siku chache zaidi, unyevu ungeshuka hadi asilimia 13 hivi na angeweza kuzihifadhi salama, lakini mdai wake hasubiri jua.

Ukubwa wa shamba nao una uzito wake. Kati ya mashamba zaidi ya milioni 600 yanayokadiriwa kuwepo duniani, asilimia 84 hivi hayafiki hekta 2, nayo kwa pamoja yanashika takriban asilimia 12 tu ya ardhi ya kilimo. Ndiyo maana cherehani, duka dogo, mshahara wa mmoja wa watoto au fedha zinazotumwa na ndugu aliye mjini huamua kama mbolea itanunuliwa kwa wakati. Kazi hizo nazo hazimfikii kila mtu, kwani aliyesoma na anayeishi karibu na barabara hupata zenye malipo mazuri, na maskini zaidi hubakiwa na kibarua.

Kuhusu wanawake, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba wangepata ardhi, mikopo na pembejeo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangeongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Naumia kila ninaposoma makadirio hayo, kwa sababu jasho lao tayari limo shambani.

Wachumi Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walichapisha mwaka 2019 utafiti uliofanyika Kenya, ambamo wakulima walipewa mkopo wakati wa mavuno. Waliopata mkopo waliuza kidogo bei ilipokuwa chini na kuuza zaidi ilipopanda, na faida yao iliongezeka. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba pale ambapo wakopaji walikuwa wengi, tofauti ya bei kati ya msimu na msimu ilipungua, kwa hiyo huenda hata jirani ambaye hakukopa alinufaika.