Konda ameanza kuita abiria: mdomo, sauti na mishale ya kibodi

Wiki hii kazi yote imekuwa kwenye mdomo wa konda wangu, mhusika wa katuni ninayoitengeneza. Amesimama mlangoni mwa daladala, Kariakoo, anaita: "Mbagala, Mbagala, Mbagala!" Sauti ni ya binamu yangu, tumeirekodi kwa simu, na ina ile haraka yenyewe ya konda. Kwa mwendo huo, kuburuta mstari wa muda kwa kipanya hakufai, kinaruka fremu (zile picha moja moja za katuni) ninazozitaka.

Natumia Blender, programu ya kutengenezea katuni kwenye kompyuta. Mshale wa kulia unasogeza fremu moja mbele, wa kushoto unarudisha moja. Wa juu unarukia kiifremu (keyframe, fremu niliyowekea pozi) kinachofuata, wa chini kilichopita. Spesi inachezesha, na ukiibonyeza tena picha inasimama hapo ilipofika. Ukibonyeza Esc inarudi ulipoanzia. Hiyo Esc naipenda mno. Nasikiliza kipande, Esc, nasikiliza tena, wala sitafuti nilikuwa wapi.

Ila utamu wenyewe uko kwenye menyu ya Playback: weka tiki kwenye Audio Scrubbing. Sasa kila ukigusa mshale unasikia sauti ya fremu hiyo tu. Kwa fremu 24 kwa sekunde, hiyo ni kama milisekunde 42. Nikaenda taratibu: "mb" inaanzia fremu ya 61, "a" inatokea ya 64. Midomo nimeifunga tangu ya 60, kwa sababu mdomo ukitangulia sauti kidogo mtazamaji haoni shida, ukichelewa anashtuka. "G" na "l" hazigusi midomo kabisa, kwa hiyo mdomo unabaki wazi mpaka mwisho wa neno. Uwazi mkubwa kuliko wote nimeupa "ga", maana ndipo mkazo ulipo, na "la" ya mwisho nimeipunguza.

Kwa miito inayofuata, nachezesha sauti huku nagonga M kila inapoanza "mb", alama inabaki kwenye fremu hiyo. Kipanya kiwe juu ya mstari wa muda lakini, kwa kuwa Blender hupeleka amri pale kilipo. Kikiwa juu ya picha, M ina kazi nyingine.

Kinachofuata ni mkono: konda anapiga bodi ya gari mara mbili kumwambia dereva twende. Sauti ya bati ninayo tayari, na fremu za vile vishindo viwili nimeshaziwekea alama.