Mafungu 7 katika 32

Marehemu nyanya alikuwa akitwambia kwamba babu yake, aliyejenga nyumba yetu ya Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, aliacha watoto wawili: mama yake nyanya, na kaka mmoja. Ukoo mzima ulishika hivyo. Ilipofika wakati wa kuigawa nyumba ile, ami alitaka kila karatasi iliyokuwa sandukuni isomwe upya kabla hajamwendea kadhi, akaniita nikae naye na kalamu.

Iliyotushughulisha ilikuwa hati ya hiba: mama yake nyanya akimpa binti yake haki yake katika nyumba. Mwandiko wa Kiarabu, mwaka 1326 wa Hijria. (Ukitaka kuugeuza mwaka wa Hijria upesi, zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Hapa unapata 1908.) Mwaka huo ndio Sheria ya Hati za Ardhi ilipowataka wenye mali wa Pwani wapeleke madai yao yasajiliwe, kwa hiyo karatasi za wakati ule ni za kutafutwa kwa bidii. Majina ndiyo yanayosumbua. Herufi za Kiarabu hazina p, ch wala v, na irabu mara nyingi haziandikwi, basi mtu mmoja anaweza kuwa Omari katika daftari la Kizungu na Umar katika hati. Andika sura zote za jina kabla ya kuanza kutafuta, la sivyo utampita mtu wako bila kumwona.

Penye maneno ya hiba, hati haikutaja ndugu hata mmoja. Ilisema tu kwamba anachotoa mama ni mafungu 7 katika 32.

Ami alitua hapo muda mrefu, na alikuwa na haki. Mwanamume akifa na kuacha watoto, mkewe hupata thumuni, hata wakiwa wake wengi hugawana hiyo hiyo moja. Zinabaki 7 katika 8, na mtoto wa kiume huchukua mara mbili ya wa kike. Ili binti apate 7 katika 32, ile baki lazima ikatwe sehemu nne: mbili za mwana, moja ya binti, na moja zaidi. Wangekuwa wawili peke yao, baki ingekatwa sehemu tatu na binti angepata 7 katika 24. Hesabu ile haikubali isipokuwa kuwe na binti wa pili. Pia inasema kwamba mjane alikuwako, na kwamba baba na mama wa marehemu walikwisha tangulia, maana kila mmoja wao angechukua sudusi, yaani moja katika sita, na hesabu yote ingebadilika. Kwangu mimi, fungu lililoandikwa sawasawa lina habari nyingi kuliko shajara ya ukoo.

Jina la binti huyo wa pili tulilipata katika mipaka. Hati za nyumba hutaja jirani wa kila upande: kibla, ambayo kwetu ni kaskazini, suheli ni kusini, matlai mashariki, kisha magharibi. Upande wa suheli palikuwa na nyumba ya mwanamke, binti wa baba yule yule na babu yule yule. Mipaka isomwe hadi neno la mwisho. Watu wengi huiruka.

Tuliiendea nyumba yenyewe. Mlango wa nakshi sikuutilia maanani, kwa kuwa milango ya Mji wa Kale imeuzwa na kuhamishwa sana, na tarehe iliyochongwa juu yake yaweza kuwa ya nyumba nyingine kabisa. Boriti za mikoko ni shahidi bora: chumba cha zamani hakizidi sana mita 3 kwa upana, kwani mti haufiki zaidi. Vyumba vya nyumba zote mbili vilikuwa hivyo, ukuta wa mawe ulikuwa mmoja, na ndani yake palionekana mlango uliozibwa, chokaa yake rangi mbali.

Wasia wa bibi huyo ulikuwa katika karatasi za wakfu za msikiti wa mtaa. Alikufa bila mtoto, ndiyo sababu hakuna aliyelibeba jina lake. Wasia haumpi mrithi ila warithi wengine wakiridhia, wala hauzidi thuluthi. Kwa hiyo ndani yake utawakuta wasiotajwa na mirathi, kama mtoto wa kulea, au aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Yeye aliipa thuluthi ya mali yake yote msikiti ule.

Mali yote, pamoja na mafungu yake 7 ya nyumba yetu. Ami akapandisha asili ya mgawanyo, yaani idadi ya mafungu yote ya nyumba, kutoka 32 hadi 96, yale 7 yake yakawa 21; akaandika msikiti mafungu 7, na yale 14 yaliyobaki akayarudisha kwa kaka na dada waliomrithi. Karatasi hiyo ndiyo aliyokwenda nayo kwa kadhi.