Bao, Pepo za Pwani na Wenzangu Watatu

Watu wakisikia kwamba nataka kuwa mbunifu wa gemu, hudhani mapenzi yangu yako kwenye magari yanayokimbia na picha zinazong'aa. Kinachonivuta hasa ni kanuni: ile hali ya watu wawili kuketi wakitazamana, kila mmoja akijua anachoruhusiwa kufanya, na bado wote wasijue kitakachotokea. Mapenzi hayo niliyapata barazani, nikiwatazama wazee wakicheza bao, na mpaka leo sijaona gemu ya simu iliyonifundisha ubunifu kuliko ubao ule wenye mashimo 32 na kete 64.

Chukua kanuni ya nyumba, lile shimo maalumu katika mstari wa mbele wa kila mchezaji. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, na nyingine 22 hubaki mkononi akizinamua, yaani akiziingiza ubaoni, moja moja kila zamu yake inapofika. Anapokuwa amekula kete za mwenzake, na kete ya mwisho ikadondokea ndani ya nyumba yake iliyo imara, ana hiari ya kulala papo hapo, yaani kumaliza zamu yake, au kuzibeba kete zote na kwenda safari, yaani kuendelea kuzisambaza, huku akijua kwamba nyumba ikishavunjwa hairudi tena. Aliyetunga kanuni hiyo, ambaye jina lake hatulijui, alimbebesha mchezaji uamuzi mzito wakati uleule ambapo mkono umeshika kasi na watazamaji wamepandisha sauti. Tena bao halishindwi kwa kuhesabu kete, bali aliyeishiwa kete katika mstari wa mbele amefungwa, hata kama mstari wake wa nyuma umejaa. Mtu anaweza kufungwa akiwa tajiri. Hilo nimelitafakari mara nyingi kuliko somo lolote la uandishi wa programu.

Sitaki kulihamishia bao kwenye simu. Wapo waliokwisha kufanya hivyo, na ubao wa mninga utabaki kuwa bora. Ninachotaka ni kuazima fikra zake. Gemu tunayoitunga ina manahodha wawili wanaotumia simu moja, kila mmoja akiwa na ghala lake, wakisafirisha boriti, chumvi na ng'onda kati ya Lamu, Pangani, Unguja na Kilwa. Nusu ya kwanza huvuma kaskazi, upepo ambao kwa kawaida hushika mwambao kuanzia Desemba hadi Machi na kuvisukuma vyombo kuelekea kusini. Nusu ya pili huvuma kusi, na kila kitu hugeuka. Nahodha aliyepeleka shehena yake yote Kilwa kwa pupa hukuta mwenzake amebaki na mali Lamu, au kinyume chake, na ghala likishafunguliwa sharti lipakiwe lote. Gemu haihitaji intaneti, wala haitakuwa nzito, kwa sababu wengi ninaowalenga hununua vifurushi vya siku moja na simu zao zimekwisha kujaa picha za familia.

Lengo langu la mbali ni kuishi kwa kazi hii, na kwamba linawezekana silitilii shaka. Wesley Kirinya wa Kenya alishiriki kuanzisha Leti Arts, studio ya kutengeneza gemu, mwaka 2009 pamoja na Eyram Tawia wa Ghana, wakati ambapo watu wachache waliiona hii kuwa kazi. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifunzia kwenye kompyuta ambayo mama yake aliidundulizia fedha kwa miaka 3, na hapo ndipo ilipozaliwa gemu yake ya amani, Salaam. Sisi tunatumia Godot, injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, iliyoanzishwa na Waajentina wawili na ambayo tangu 2014 imekuwa wazi kwa yeyote bila malipo. Kwa hiyo, kisingizio cha vifaa hatunacho.

Lakini gemu haitungwi na mtu mmoja, angalau si hii. Tuko wanne: mwandika programu, dada anayechora, fundi wa sauti na mimi ninayeshughulikia kanuni. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna kanuni itakayoandikwa kwenye kompyuta kabla haijachezwa juu ya kipande cha katoni kwa vizibo vya soda. Kwenye katoni ninaweza kubadili wazo kabla chai haijapoa, ilhali kwenye programu mwenzangu huniambia, "Kaka, hiyo unayoiita kanuni ndogo itanila usiku mzima," na huwa hasemi uongo. Kwangu mimi, heshima katika kikundi huanzia kwenye muda wa mwenzako.

Jambo la pili ni namna tunavyomaliza ubishi. Mbunifu kwa hulka yake ni msemaji, na mimi naweza kumshinda fundi wa sauti kwa maneno hata pale ambapo yeye ndiye mwenye haki. Ndiyo maana hoja zote mbili hupelekwa kwa mchezaji asiyetujua, na sisi tukiwapo hatufungui mdomo. Tuliwapa simu wasusi wawili wa saluni ya jirani walipokuwa wakisubiri mteja. Tulitarajia wakwame kwenye hesabu ya pepo. Waliielewa mara moja. Walichokwama nacho ni vitufe, kwa kuwa maandishi yake yalimwelekea mchezaji mmoja tu. "Geuza basi na mimi nisome," mmoja alisema, simu ikawa inazungushwa kila zamu mpaka ikawaponyoka. Mchoraji wetu hakuhitaji kuambiwa. Jioni hiyo aliondoa maneno yote na kuchora tanga, nanga na mlango wa ghala kwa namna inayosomeka kutoka pande zote mbili, na sababu ya badiliko hilo ikaandikwa kwenye daftari letu la maamuzi, karibu na jina lake.

Hivi sasa tunavutana juu ya upepo wenyewe. Mwandika programu anataka kusi iingie ghafla bila mchezaji kujua ni lini. Mimi nashikilia kwamba nahodha wa kweli huijua misimu, na kwamba utamu uko katika kujua kwamba muda unakwisha na bado ukashawishika kupakia jahazi moja zaidi. Matoleo yote mawili yako tayari kwenye katoni. Jumamosi tutayapeleka kwenye foleni ya kivuko, tukae kimya, na toleo litakalofanya watu waombe raundi nyingine ndilo litakaloandikwa.