Mgeni wa Emau na wageni wangu wa Nansio

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimechelewa, nyumba ilijaa wageni, wifi yangu na wanae wawili kutoka Dodoma, na kwetu Nansio, kisiwani Ukerewe, wageni wakija hata simu hushiki, ni sato, ni ugali wa muhogo, ni nani analala wapi.

Usiku wa kwanza umeme ukakatika (nishaanza kuomba radhi, mnajua tena) tukatoka kukaa nje. Yule mdogo akanyoosha kidole ziwani, "Shangazi, ule mji unaitwaje?" Mji gani tena? Kuangalia, kumbe taa za wavuvi wa dagaa, mwezi haupo basi wametoka wote, taa zimejipanga mstari mrefu utadhani Mwanza imesogea. Miaka yote nazionaga, na ninachowazaga ni kesho dagaa watakuwa bei gani.

Nikakumbuka Luka 24. Wanafunzi wawili wanaenda kijiji cha Emau, Yesu aliyefufuka anatembea nao na hawamtambui. Mmoja wao, Kleopa, anamuuliza njiani, we peke yako ndo mgeni Yerusalemu hata hujui yaliyotokea? Yaani mwenyeji anamshangaa mgeni, kumbe asiyejua ni yeye. Tena nusura wampoteze, maana Yesu alifanya kama anaendelea na safari, wakamng'ang'ania, kaa nasi jua limekuchwa. Mezani mgeni ndo anachukua mkate, anabariki, anamega, anawapa wenye nyumba! Hapo ndo macho yanafunguka. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, mi siku zote nilidhani ni habari ya kuku kuchinjwa na sisi tupate nyama, hahaha.

Keshoye wakataka kuona jiwe linalocheza, kule Ukara, kisiwa cha jirani. Nikasita. Tangu kivuko cha MV Nyerere kizame kule tarehe 20 Septemba 2018 na watu zaidi ya 200 wakatutoka, mimi maji yale nilikuwa sijavuka, nafika Bugolora, kivuko kinapoanzia, nageuza. Sasa watoto utawaambiaje? Tukapanda kivuko. Mkono mmoja nimeng'ang'ania bomba la pembeni, midomo inasema zaburi, na yule mdogo kaniegemea pajani anahesabu ndege weupe kwa sauti, akikosea anarudi moja.

Bwisya, gati ya Ukara, inaanza kuonekana nikajikuta namsahihisha, "Sio thelathini na tisa baba, umemruka yule aliyekaa kwenye mtumbwi."