Gitaa la mfumbati

Mimi si mpiga gitaa. Kazi yangu ni kusuka mota, hapa Chikongola, Mtwara mjini: feni, pampu za visima, mashine za kusaga, jenereta zilizochoka. Minada ya korosho ikishalipa, watu hukumbuka feni zao zilizoungua zamani, na kibanda changu hakipitiki. Gitaa hili nililianza katika miezi ile ambayo kazi ni haba. Sasa limekamilika, linalia, na kila anayeliona ananiuliza useremala nilijifunzia wapi. Koili, ule msuko wa waya wa ndani, hakuna anayeiulizia. Watu hutazama umbo.

Chanzo chake ni gitaa la kwaya ya kanisa anakosali mpwa wangu. Aliniletea likiwa limekufa sauti, limeshapita kwa fundi mwingine aliyelirudisha akisema limeungua. Nilipolifungua nilitarajia saketi ya kutisha. Nikakuta visumaku sita vimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, volyumu, kapasita na tundu la jeki, basi. Waya ulikuwa umekatika pale unapoungwa. Nikaulehemu, likapona.

Lakini nilichokiona mle ndani kilinikaa kichwani, maana kile kitu ni jenereta. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba usumaku ukibadilika ndani ya koili, umeme unazaliwa, na kazi zote zinazonilisha zimesimama juu ya jambo hilo. Kwenye jenereta kinachozunguka ni rota. Kwenye gitaa sumaku imetulia na koili imetulia. Kinachotembea ni uzi wa chuma, ambao umeambukizwa usumaku na jirani yake wa chini. Uzi wa A ukipigwa wazi unatikisika mara 110 kwa sekunde, na umeme unaotoka kwenye koili nao unapanda na kushuka mara 110. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kwenye gitaa la umeme hata uzipige kwa nyundo.

Nikamweleza mpwa wangu hayo yote, naye akanijibu, "Mjomba, kama ni jenereta tu, si utengeneze lako?" Alikuwa anatania. Ila huku kwetu kusini mjomba ni mtu mzito, hatakiwi kushindwa mbele ya mpwa wake.

Nilipoanza kusoma nikakutana na habari za Brian May, Mwingereza wa bendi ya Queen, ile ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. May alikuwa bado mwanafunzi alipoanza kuunda gitaa nyumbani na baba yake mwaka 1963. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao kuukuu ya meko, springi wakazitoa kwenye pikipiki ya zamani, na zile nukta za kwenye shingo ni vifungo vya nguo vya mama yake. Amelipiga gitaa hilo katika kazi yake yote. Ila koili alizosuka mwenyewe hazikumridhisha, akaishia kununua za kampuni ya Burns. Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti. Mwenzangu alikwama kwenye waya. Mimi nitakwama kwenye mbao, na mbao hapa Mtwara ina wenyewe.

Kwangu mimi shingo ndiyo gitaa, na mpiga solo yeyote akitaka kubisha tubishane. Nyuzi sita zikikazwa zote zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 45, usiku na mchana, na kinachozizuia ni kijiti cha unene wa sentimita mbili na kitu. Mbao mbichi itapinda kabla hujamaliza kulipa deni la nyuzi. Rafiki yangu seremala aliniambia wazi kwamba mbao alizonazo bado zina maji, akanionyesha kitanda cha mninga kilichoegemezwa ukutani, tendegu moja limevunjika na mwenyewe hajarudi kukifuata. Tulimpigia simu, akasema tumlipe kidogo tukichukue. Mfumbati wake mmoja, ule ubao wa ubavuni, ulikuwa umenyooka kabisa, nyuzinyuzi za mbao zikikimbia kutoka ncha hadi ncha.

"Huu umebeba watu wawili miaka yote hiyo na haukupinda," seremala alisema. "Nyuzi zako sita zitaufanya nini?"

Hata hivyo nilimwomba achimbe mfereji ndani yake, tukazika bomba la chuma la mraba na kuligandisha kwa gundi ya kuchanganya. Magitaa mengi ya dukani yana fimbo ya chuma inayokazwa kwa spana ili kunyoosha shingo ikianza kupinda. Langu halina fimbo hiyo. Na hilo bomba lenyewe seremala alilipinga, eti namvunjia mninga heshima. Nikamwambia bomba ni dawa ya wasiwasi wangu, mninga hahusiki.

Kiwiliwili ni mwembe, kipande kilichobaki kwa fundi wa mitumbwi Mikindani. Gitaa la umeme la aina hii halina tumbo wazi. Kazi ya kiwiliwili ni kushika daraja la nyuzi na kukaa vizuri pajani, kwa hiyo sikuhangaika kutafuta mbao ya kifahari. Kijana anayepiga rangi bodaboda alikipulizia vanishi ya gari. Kuhusu rangi sina zaidi.

Ubao wa freti, yaani wa vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, ndio ulionifanya nione faida ya kuishi huku. Ni mpingo. Mpingo wa misitu ya Kilwa na maeneo ya jirani husafirishwa hadi Ulaya kutengenezea klarineti na oboe, na kwa ukoo ni ndugu wa rozwudi, mbao iliyozoeleka kwenye shingo za magitaa. Ni mzito hata ukiutia majini unazama. Nilikwenda kwa mchongaji mmoja wa vinyago, mtu mzima, nikamwamkia na kumweleza shida yangu. Alitoa gogo dogo lililonyooka, akaligeuzageuza, akanitazama.

"Hili lingenipa kinyago cha ujamaa, watu kumi wamebebana," akasema. "Wewe unataka ubao?"

"Ubao, mzee. Bapa kabisa."

Akatikisa kichwa, akaniuzia. Bei aliyotaja ilikuwa ya kinyago hicho.

Halafu ikaja hesabu, na hapa nilimtoa seremala kwenye meza. Yeye hupima kwa futi na jicho, na jicho lake ni zuri kuliko futi, lakini sikio halidanganyiki. Urefu wa uzi, kutoka mfupa wa juu unaoshika nyuzi karibu na kichwa hadi darajani, niliuchukua wa magitaa ya kampuni ya Fender: inchi 25.5, yaani milimita 648. Kila freti inakata sehemu moja ya 17.817 ya urefu uliobaki. Ukirudia hesabu hiyo mara 12 unafika nusu ya uzi, na sauti inakuwa ileile, oktavu moja juu. Freti ya kwanza inaangukia milimita 36.4 kutoka kwenye mfupa, ya 5 kwenye 162.5, ya 7 kwenye 215.5, ya 12 kwenye 324. Kutoka ya 12 hadi ya 13 ni milimita 18.2, nusu ya nafasi ya kwanza. Anayetaka kujaribu achukue ushauri huu mmoja: pima kila freti kutoka kwenye mfupa, usipime kutoka freti moja hadi nyingine. Ukipima kwa kurithishana, kosa la unene wa penseli linazaa watoto, na ukifika freti ya 15 una ukoo mzima.

Freti zenyewe, vifunguo vya kukazia nyuzi, daraja na seti ya nyuzi vilitoka Dar kwa basi. Mzizi wa freti, ile sehemu inayozama kwenye ubao, una unene wa karibu nusu milimita, na msumeno wa mbao unaacha mfereji mpana mno. Tulichukua bleedi ya msumeno wa chuma tukaisugua ubavu huu na ubavu huu kwenye jiwe la kunolea hadi meno yakaacha kuyumba. Ikabaki unene wa bamba lenyewe, milimita 0.6 hivi. Freti zikaingia kwa kugongwa taratibu, zikang'ang'ania. Mpingo ulikula bleedi kadhaa. Mfupa wa juu ni mfupa kweli, muundi wa ng'ombe kutoka buchani, uliochemshwa na kukaushwa.

Sasa koili. Waya wa kusukia feni ni mnene mno kwa kazi hii. Koili ya Fender ya kawaida ina waya wa milimita 0.063 uliozungushwa karibu mara 8,000, na ukiipima kwa mita inasoma kilo-omu 6 hivi. Waya wa aina hiyo sijauona kwenye duka lolote hapa mjini. Lakini upo, umejificha: kwenye kile kimota kinachozungusha sahani ndani ya maikrowevu, hasa vile vya volti 220. Kwa kuwa kinapokea umeme wa nyumba moja kwa moja, na ni kidogo, koili yake inalazimika kuwa na maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba sana. Vimota hivyo nilikuwa navyo kwenye boksi la mabaki. Nimewahi kuulizwa kwa nini situpi vitu.

Bobini, kile kitu cha kuzungushia waya, niliikata kwenye karatasi ngumu ninayotumia kuhami mota. Katikati nikapitisha vipande sita vya msumari wa inchi nne, kimoja chini ya kila uzi. Visumaku vilitoka kwenye vishikizi vya milango ya kabati, vile vya duka la vifaa vya ujenzi. Ukivunja plastiki yake unakuta kipande cha sumaku nyeusi. Nikavipanga chini ya misumari, ncha za aina moja zote zikitazama juu, na chuma cha msumari kikaupandisha usumaku hadi karibu na uzi.

Mashine yangu ya kusukia ni ya mkono, ina kihesabu chake. Kwenye mota mkono wa kushoto huvuta waya hadi ulie. Hapa ukivuta umeukata. Waya unapita kati ya vidole kwenye kipande cha sponji, na kazi ya mkono ni kuuongoza tu, huku na huku, bila papara. Bobini yangu ilipojaa kihesabu kilisoma 6,500 na ushei, lakini kwa kuwa waya wangu ulikuwa mwembamba kuliko wa Fender, mita ikaonyesha kilo-omu 7.6. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia mota yoyote ya pampu, ingawa pampu ndizo zinazolipa ada za watoto.

Kisha inakuja nta. Mizunguko iliyolegea hutikisika yenyewe, na sauti ikipandishwa gitaa linapiga mluzi. Vanishi ya mota ninayo, lakini niliiacha, kwa sababu koili iliyogandishwa kwa vanishi haifunguki tena kwa matengenezo. Nilichanganya mishumaa na nta ya nyuki, sufuria ndani ya sufuria ya maji, kwenye nyuzijoto 60 na kitu, nikaizamisha koili hadi mapovu yakaisha. Mke wangu ameshaifuta sufuria hiyo kwenye hesabu ya vyombo vyake.

Volyumu ya kilo-omu 250, kapasita ya mikrofaradi 0.047, foili ya jikoni kwenye kuta za shimo la koili, waya wa ethi hadi kwenye daraja. Tukachomeka kwenye sabufa ya mpwa wangu. Likalia, ila kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kanga. Koili ya gitaa haina nguvu ya kusukuma, inataka kupokewa na kitu chenye ukinzani wa karibu megaomu moja, na tundu la sabufa lina ukinzani mdogo mno kwake. Niliunda kisaketi kidogo cha transista moja ya FET na betri ya volti 9, nikakiweka katikati. Nyuzi za juu zikafunguka pale pale, na mpwa wangu, ambaye alikuwa ameanza kuangalia simu, akaiweka mfukoni.

Ameshalipiga kwenye mazoezi ya kwaya. Anasema shingo ni nene karibu na kichwa, na freti za mwisho zinakwaruza kidogo. Hayo ni ya msasa. Tatizo la kweli ni mngurumo. Umeme wa TANESCO una mizunguko 50 kwa sekunde, jirani kabisa na noti ya G iliyo chini kuliko uzi mnene wa gitaa, na koili moja inaudaka kila mahali, karibu na feni, karibu na friji. Akigusa nyuzi unapungua, kwa sababu zimefungwa kwenye ethi. Akiziachia wakati wa maombi bila kufunga volyumu, kanisa zima linasikia.

Dawa yake inajulikana tangu 1955, fundi Seth Lover alipoiunda akiwa kwenye kampuni ya magitaa ya Gibson: koili mbili, ya pili imezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa. Mngurumo ukiingia kwenye zote mbili unafutana. Sauti ya uzi, kwa kuwa imegeuzwa mara mbili, inajumlishika. Bobini ya pili iko tayari mezani. Nilichopungukiwa ni waya.

Kwa hiyo mwenye maikrowevu mbovu, Mtwara hadi Lindi, asiwape wa chuma chakavu kabla hajanipitishia. Kimota kiko chini ya sahani, lakini usikifuate mwenyewe: mle ndani kuna kapasita inayoweza kubaki na umeme wa kuua hata waya ukiwa umechomolewa. Ilete ilivyo.