Siku ya zege, na yule bwana mdogo wa chini ya slabu

Juzi ofisini wametugawia fulana. Zimeandikwa mgongoni "TIMU MOJA", rangi ya chungwa ile inayoumiza macho, saizi zote XL, kwahiyo mi yangu nimeigeuza nguo ya kulalia. Alafu tukapelekwa Kigamboni ufukweni siku nzima, tukakimbia na mayai kwenye vijiko, tukavuta kamba, mtoa mada akauliza timu ni nini, watu wakajibu maneno mazuri mazuri, mi nikakaa kimya na mihogo yangu. Sio kwamba sina jibu, ila jibu langu ni refu na lina simenti ndani, nikaona bora nilimwage hapa.

Kwa wasionijua, kabla sijahamishiwa ofisini nilikuwa mtu wa stoo saiti. Saiti yenyewe ilikuwa maeneo ya Sinza, jengo la ghorofa nne, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu tu. Mifuko imeingia mingapi, nondo za milimita 12 zimebaki ngapi, misumari kachukua nani na mbona kopo halijarudi. Pia asubuhi mimi ndio nilikuwa naandika majina ya vibarua kwenye daftari, nani fundi nani saidia, maana hela zao hazifanani. Hilo daftari tutalirudia, aibu yangu iko humo.

Watu walikuwa mchanganyiko haswa. Foremani Mzaramo wa Kisarawe, kitambi mbele, akiita mtu wa ghorofa ya pili anaitika hadi muuza genge wa mtaa wa nyuma. Wasuka nondo walikuwa wazee wa kusini, wakitaka kutusema wanahamia Kimakonde. Wa miksa katokea Rombo. Injinia kijana wa Bukoba, Kiswahili chake kimenyooka kama amesomewa. Anayechota maji ni dada wa Kinyamwezi wa Tabora, mdomo wake mtaniwia radhi. Nchi ina makabila zaidi ya 120 na nahisi saiti ile walikuwa wanakusanya sampuli. Ila hiyo haikutusumbua hata siku moja, sisi ndio tumezaliwa humo, unamtukana mtu kabila lake saa mbili asubuhi, saa saba mnakula sahani moja.

Aliyetusumbua ni asiyesikia Kiswahili. Wala Kimakonde.

Bwana mdogo aliletwa na binamu yake, binamu mwenyewe akadumu wiki moja akapotea. Mi nikamuuliza kazi gani anajua, hajibu. Nikamuuliza binamu, binamu akasema "huyo kiziwi, mpe chochote". Nikaandika SAIDIA. Sikuwaza hata sekunde mbili, kalamu ilijiendea. Wiki tatu mtu anabeba kokoto kwa karai juani, mi naweka tiki tu kila asubuhi.

Sasa siku moja fundi seremala anafunga boksi la nguzo, mbao haikai, anakata tena, haikai, anaanza kutukana mbao. Bwana mdogo akatua karai lake, akamsogelea, akachomoa penseli sikioni kwa fundi bila kuomba, akapima, akachora, akakata, akaigonga. Imekaa kama imeota pale. Fundi ameduwaa. Alafu kijana akageuza kipande kilichobaki akaandika kwa herufi kubwa: MIMI FUNDI. KEKO. MIAKA 4.

Kumbe kasoma Buguruni Viziwi, akatoka akaenda kwa mjomba wake Keko kutengeneza fenicha. Miaka minne ya makabati na vitanda, mi nimembebesha kokoto kwa sababu nilimuuliza swali kwa mdomo na nikaridhika na jibu la mtu mwingine. Kesho yake nikabadilisha daftari. Zile wiki tatu za nyuma hakuna aliyemfidia, na niseme ukweli sikupigana kihivyo, nilisema mara moja nikaambiwa yameshapita, nikaacha.

Baadaye sana ndio nikaja kujua kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inasema mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 angalau asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Sisi saiti tulikuwa kama 40, piga hesabu, ni mtu mmoja na kipande. Tulikuwa na huyo mmoja tu, tena kaingia kwa mgongo wa binamu.

Haya, zege.

Nyie wa maofisini mnatumia msemo wa zege halilali kwenye mambo yenu ya mapenzi na madeni, kwetu ni kazi yenyewe. Ukianza kumwaga slabu, yaani ile sakafu ya zege ya ghorofa, unaenda mpaka injinia alipopanga mwisho. Ukiacha katikati ile ya kwanza ikashika, kesho ukija kumwagia mpya pembeni unabaki na mshono, haviungani tena vizuri, na simenti inaanza kushika ndani ya masaa machache, kwa jua la Dar la mwezi wa tatu ndio kabisa. Na wavivu hapo ndipo wanapotaka kuongeza maji ili zege iwe laini iteleze, kumbe wanaiua nguvu.

Slabu yetu ya kwanza iliangukia Machi 2025. Mnakumbuka mwaka ule Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5, kwahiyo nusu ya saiti wamefunga na robo nyingine wako kwenye Kwaresma. Mama ntilie wetu alikuwa anatuangalia kama tumemsaliti, ana sufuria la wali na hana mteja, ikabidi ageuze biashara awe anapika uji na tambi za jioni.

Injinia alitaka tuahirishe. Mwenye nyumba hataki, mirunda ya kukodi, yale magogo yanayoishikilia slabu kwa chini mpaka ikauke, inahesabiwa siku. Ikabidi tukae chini, na mpango waliutoa wale wazee wa kusini, sio injinia. Kwamba waliofunga waanze saa 11 alfajiri wakiwa wametoka kula daku, wabebe mzigo mzito mpaka saa 6 mchana, baada ya hapo wahamie kazi nyepesi, kusawazisha, kulinda mbao, kuangalia waya, na wasiofunga ndio washike ndoo na miksa mchana wote. Ikifika magharibi waliofunga washuke wote wafuturu, bila haraka, na miksa isizime. Wa Rombo akasema sawa, ila na nyie Ijumaa Kuu msituite. Wakapeana mikono. Mkutano wenyewe haukuzidi robo saa na hakuna aliyesema neno "ushirikiano".

Kilichotuchukua muda ni nani akae chini ya slabu.

Hii wengi hamuijui. Wakati juu zege inamwagwa, chini lazima kuwe na mtu, ikiwezekana seremala, anazunguka kwenye msitu wa mirunda anaangalia. Mzigo unaongezeka juu, mbao zinalia, mrunda mmoja ukichomoka au ukipasuka na usipoonekana mapema mnashuka wote, zege na watu. Fundi seremala mkuu akasema amuweke bwana mdogo, jicho lake analiamini. Foremani akakataa katakata. Asiyesikia chini ya slabu? Mbao ikilia atajuaje? Tukimuita atoke atajuaje?

Hakuna aliyembishia. Na mi nikakaa kimya, niliona ana hoja.

Ni dada wa maji, kakaa juu ya ndoo yake, akasema: "Mtani wangu, miksa ikiwaka na poka ikiwaka, we unasikia nini? Juzi mkeo kapiga simu mara sita mpaka kampigia mtu wa stoo. Siku ya zege wote hapa viziwi, tofauti yenu ni kwamba huyu mwenzenu kashazoea."

(Poka ni ile mashine ya kutetemesha zege ijipange vizuri.) Watu walicheka mpaka foremani mwenyewe akacheka. Si mnajua Wazaramo na Wanyamwezi, huo utani una umri wa misafara ya kushuka Bagamoyo, Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo kitu ambacho ningekisema mimi ningerudishwa nyumbani. Angesema injinia ingekuwa vita. Kwahiyo kijana akapita, kwa masharti tujifunze ishara. Siku mbili kabla ya zege, kila saa ya mapumziko, anatufundisha. Simama, endelea, punguza, ongeza mrunda, toka. Ile ya simama tuliyokubaliana ni mikono miwili inapishana juu ya kichwa, ionekane hata ukiwa mbali. Wazee wa nondo ndio walishika haraka kuliko wote, foremani ndio wa mwisho, anaonyesha ishara huku anapiga kelele.

Siku yenyewe nilitoa stoo mifuko 194. Jua lile, vumbi la simenti linaganda kwenye jasho mpaka kope zinakuwa nzito, ndoo zinapanda zinashuka, winchi inalia, mtu akikuongelesha unaona mdomo tu. Saa 9 alasiri hivi nimesimama mlangoni stoo na daftari, namuona bwana mdogo anatoka chini anakimbia, hajaangalia pembeni, kapanda ngazi ya mbao mpaka mahali miksa inapomuona, mikono juu, imepishana.

Wa Rombo alizima miksa hapo hapo. Hakuuliza. Poka ikazimwa. Ule ukimya ulivyoshuka ndio nikasikia moyo wangu.

Kona ya nyuma, karibu na boriti, mrunda mmoja ulikuwa umeanza kupasuka kwa urefu, ufa unaingia kidole, na kipande cha mbao kilichokuwa chini yake kimezama kwenye udongo, pale maji ya kunyweshea nguzo yalikuwa yanatuama kila siku na hakuna aliyewaza. Ukiweka kiganja kwenye ule mrunda ulikuwa unatetemeka, yeye alikuwa anazunguka anaigusa mmoja mmoja, ndio alivyojua. Dakika kama 25 wakaongeza mirunda mitano na kabari, injinia akashuka akapima mwenyewe, ndio tukaendelea.

Sasa naomba nisieleweke vibaya, sisemi viziwi wana macho ya maajabu, hizo hadithi hata yeye zinamchosha. Angekaa seremala mwingine makini pengine angeona pia. Ninachosema ni kwamba alikuwa makini kuliko sisi, na tulibakiza kidogo sana tumnyime ile nafasi, mi nikiwa wa kwanza na kalamu yangu. Na kingine, aliposema simama, tulisimama. Watu wa ujenzi wa mji huu tunaikumbuka Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu asubuhi, ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi lililoporomoka likaua watu 36. Toka siku ile kila nikiona kibarua ana neno na analimeza kwa sababu yeye ni saidia tu, tumbo linanikata.

Saa 12 na nusu jioni adhana ikalia msikiti wa jirani. Waliofunga wakashuka, tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, wamejipanga kwenye mbao. Juu miksa inaunguruma, injinia kashika ndoo kama kibarua, foremani kafuturu tende tatu akapanda tena, akarudishwa chini kwa ishara ya "toka". Tulimaliza saa 4 usiku.

Yote hayakuwa mazuri. Kuna fundi mmoja aliacha kazi, kisa hawezi kuelekezwa na "mtoto asiyeongea". Na miezi saba yote saiti ile ilikuwa na choo kimoja, cha wanaume, hakina hata komeo, mi na dada wa maji tulikuwa tunaenda kwa mama ntilie. Hakuna aliyetufanyia ubaya kusudi, walioweka mpango wa saiti walikuwa wanaume watupu na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alipokuja injinia wa kike kukagua wiki moja tu, siku ya pili kulikuwa na choo cha pili na kina mlango. Miezi saba mi nilikuwa nimelalamika kwa nani? Kwa foremani, akaniambia vumilia dada.

Bwana mdogo sasa hivi yuko saiti nyingine huko Kibaha, kafikia fundi mkuu upande wa mbao, tunapigiana video WhatsApp. Katupa wote majina ya alama, maana kwa viziwi jina huchagui, wanakupa wao. Langu ni kama mtu anafunga kufuli, nadhani hiyo haihitaji maelezo. La foremani ni mkono unachora duara kubwa mbele ya tumbo. Yeye aliambiwa na dada wa maji kwamba maana yake ni "mkubwa wa kazi", na mpaka leo kila saiti anayokwenda anajitambulisha nalo.